Karatasi, matone, mita au maabara: kuchagua kipimo cha maji kwa mfugaji wa samaki anayeanza Arusha na Moshi

Anayeanza kufuga sato au kambale, awe na bwawa la udongo Tengeru au tanki la lita 5,000 nyuma ya nyumba mjini Moshi, huambiwa mapema kwamba ni lazima apime maji. Ushauri huo ni sahihi, ila aghalabu huishia hapo hapo. Haelezwi apime nini, kwa kifaa gani, wala namba akishaipata aifanyie nini, na hivyo hujikuta dukani mbele ya kopo la karatasi za rangi, sanduku la vichupa vya matone na kalamu ya kidijitali yenye kioo kidogo, vyote vikidai kwamba vinapima maji. Makala haya yanalinganisha njia hizo tatu pamoja na ya nne, yaani kupeleka maji maabara, kwa vigezo vilevile, ili kila mmoja aone ipi inamfaa kwa maji aliyo nayo, samaki alionao na fedha aliyoitenga.

## Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni kile kinachopimwa. Kwa anayeanza, mambo yenye uzito ni joto, pH (kipimo cha asidi au alkali ya maji), amonia (taka yenye sumu itokayo kwa samaki), nitriti (ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia), oksijeni iliyoyeyuka na ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili mabadiliko ya pH. Anayetumia maji ya bomba aongeze klorini, kwa kuwa kiasi kidogo kinachowekwa kwa usalama wa mnywaji kinatosha kuunguza matamvua ya samaki. Nitrati, ambayo karibu kila kopo la karatasi huipima, haina haraka. Sato huivumilia kwa kiwango kikubwa kuliko nitriti.

Cha pili ni mipaka ya kifaa: kinaanza kusoma wapi na kinakomea wapi. Hiki hupuuzwa sana, na kwa mkoa wa Arusha ndicho kinachoharibu ununuzi wa watu wengi. Maji yanayoteremka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano yenye sodiamu na bikaboneti nyingi, kwa hiyo mara nyingi huwa na ualkali mkubwa na pH iliyo juu ya 8. Maji ya chemchemi na mito ya Kilimanjaro kwa kawaida ni mepesi zaidi, yenye chumvi chache, ingawa hali hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya maji laini kinaweza kumfaa mtu wa Kibosho, upande wa Kilimanjaro, na kuwa mapambo tu kwa mtu wa Usa River, upande wa Meru.

Vigezo vitatu vilivyobaki ni vya mfukoni na vya mkono. Usahihi: je, kifaa kinatofautisha namba zinazobadilisha uamuzi, au kinatofautisha tu kizuri na kibaya? Gharama: si bei ya dukani, bali bei hiyo ikigawanywa kwa idadi ya vipimo utakavyopata kabla dawa haijaisha au kuharibika. Mwisho ni uhifadhi na upatikanaji, kwa kuwa bidhaa nyingi za aina hii huagizwa Dar es Salaam au nje na kufika kwa basi, na dawa iliyopigwa jua njiani kwa wiki nzima haiwi tena ile iliyotoka kiwandani.

## Kwa nini amonia haisomwi peke yake

Kabla ya kufika kwenye vifaa, kuna jambo moja linalohitaji nafasi yake, maana ndilo linaloamua sehemu kubwa ya uchaguzi.

Amonia hutoka kwa samaki wenyewe, hasa kupitia matamvua, na chanzo chake ni protini iliyomo kwenye chakula. Kanuni inayotumika katika kubuni matanki ya ufugaji ni kuzidisha uzito wa chakula kwa kiwango cha protini, kisha kwa 0.092. Kwa hesabu hiyo kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 huzalisha takriban gramu 28 za nitrojeni ya amonia, na zikibaki zote katika tanki la lita 5,000 zinafikia zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Katika bwawa la udongo lenye maji ya kijani, mwani huifyonza sehemu kubwa ya amonia hiyo. Katika tanki jipya la plastiki ambalo chujio lake halijaota bakteria, hakuna wa kuifyonza, na maji yanaweza kuonekana meupe na masafi huku samaki wakiwa taabani.

Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili. Moja ni amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Nyingine ni amonia huru, inayopenya matamvua na ndiyo sumu. Kinachogawa hali hizo mbili ni pH na joto. Maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, kwa pH 7 sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla. Kwa pH 8 inafika asilimia 5, kwa pH 8.5 asilimia 15, na kwa pH 9 asilimia 36. Karatasi na matone ya kawaida husoma jumla ya hali zote mbili bila kuzitenganisha. Wafugaji wawili wanaweza kupata rangi ileile inayosema miligramu 1 kwa lita, mmoja mwenye pH 7 akiwa na miligramu 0.006 za sumu yenyewe na mwenzake mwenye pH 8.5 akiwa na 0.15, zaidi ya mara ishirini na tano. Sato huanza kupunguza ulaji amonia huru inapofika takriban miligramu 0.08 kwa lita, na wakikaa humo kwa wiki kadhaa vifo vya kwanza vinaweza kuanza karibu na 0.2. Wa kwanza hana tatizo. Wa pili anaona chakula kinabaki kikielea, analaumu chakula, anabadilisha muuzaji.

Kuna na ugumu wa saa. Mchana mwani hutumia kabonidaioksaidi iliyomo majini, na pH hupanda, usiku hushuka. Bwawa la kijani linaloonyesha 7.8 alfajiri linaweza kuonyesha 9 ifikapo saa tisa alasiri, bila mtu kuongeza chochote. Kwa sababu hiyo pH na amonia hupimwa kwa pamoja, na alasiri ndiyo saa ya kuona hatari ya amonia, ilhali alfajiri ndiyo saa ya kuona upungufu wa oksijeni. Kifaa chochote utakachochagua, kikikosa pH au kikikomea chini ya pH ya maji yako, namba yake ya amonia ni nusu ya habari.

## Karatasi za kupimia

Karatasi za kuchovya hupima mambo mengi kwa mara moja: pH, ualkali, ugumu wa maji, nitriti, nitrati na mara nyingine klorini. Amonia kwa kawaida haimo. Huuzwa katika kopo lake la pekee, na mnunuzi asiyesoma ubavuni mwa kopo hugundua hilo akiwa tayari nyumbani. Karatasi zilizotengenezwa kwa mabwawa ya kuogelea, ambazo hupatikana kwa urahisi kutokana na mahoteli, ni nzuri kwa klorini na ualkali, lakini upande wa pH nyingi hukomea karibu na 8.4. Karatasi za litmasi za maabara ya shule husema tu kama maji ni asidi au alkali, jambo ambalo mtu wa Arusha analijua hata kabla ya kuchovya.

Usahihi wake ni wa hatua pana. Hatua moja ya rangi hadi nyingine inaweza kuwa pH 0.5 nzima au zaidi, na tumeona jinsi hatua hiyo inavyoongeza sumu mara tatu kati ya 8 na 8.5. Kwa ualkali hilo halidhuru, kwa sababu hapo swali ni kama maji yana kidogo mno au ya kutosha. Kwa klorini pia, jibu linalotakiwa ni ipo au haipo.

Bei ya kopo ni ndogo kuliko ya njia nyingine, ila kila karatasi hutumika mara moja, na kopo likishafunguliwa unyevu huanza kazi yake. Mkono wenye maji ukiingia ndani ya kopo mara moja tu, karatasi za chini huanza kubadilika rangi zenyewe. Chota maji kwenye kikombe, chovya humo, subiri sekunde zilizoandikwa, usome juani. Anayeichovya bwawani na kwenda kuisoma jikoni baada ya dakika tano anasoma rangi nyingine.

Karatasi zinamfaa mwenye bwawa la udongo lenye samaki wachache wanaotegemea zaidi chakula cha asili, mwenye kutumia maji ya bomba anayetaka kuhakikisha klorini imetoka kabla ya kumwaga vifaranga, na yeyote anayetaka kujua tabia ya jumla ya chanzo chake kipya cha maji. Hazimfai anayelisha kwa wingi ndani ya tanki na kuzitegemea kama kipimo pekee.

## Vichupa vya matone

Hapa ndipo wafugaji wengi wadogo huishia, na kwa sababu nzuri. Seti hizi zina vichupa vya dawa, vioo virefu vya kupimia na kadi ya rangi. Seti inayojulikana sana ya API kwa maji baridi, kwa mfano, hupima pH, amonia, nitriti na nitrati, na kampuni inasema inatoa vipimo vipatavyo 800. Sera na JBL za Ujerumani zina seti zinazofanana nayo. Kampuni za Hach na LaMotte za Marekani hutengeneza masanduku ya wafugaji wa samaki yenye pia oksijeni, ualkali na ugumu. Hayo ni ghali zaidi na yanafanana na maabara ndogo ya kubeba.

Mipaka ya kusoma inahitaji macho makini. Katika seti ya API kuna vichupa viwili tofauti vya pH: kimoja husoma 6.0 hadi 7.6, kingine 7.4 hadi 8.8. Wauzaji wengine huuza hicho cha kwanza peke yake kwa kuwa ni nafuu. Kwa maji ya Meru, kioo kitageuka bluu ya mwisho wa kadi kila siku, na mnunuzi ataamini kwamba pH yake ni 7.6 wakati kifaa kimefika tu mwisho wa uwezo wake. Hata hicho cha pili hukomea 8.8, kwa hiyo bwawa la kijani alasiri linaweza kukipita. Amonia husomwa hadi miligramu 8 kwa lita, upana unaotosha, na ikizidi unaweza kuchanganya maji ya bwawa na maji yaliyokenekwa nusu kwa nusu, ukapima, kisha ukazidisha jibu mara mbili. Maji yaliyokenekwa hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya magari, yale ya kuongezea kwenye betri. Hakikisha si asidi yake. Mbinu hiyo haitumiki kwa pH.

Usahihi unategemea mkono kuliko dawa. Kipimo cha amonia cha seti hiyo kinafanyika hivi: kioo husuuzwa kwa maji ya bwawa mara mbili tatu, hujazwa hadi mstari wa mililita 5, kisha yanaingia matone manane ya chupa ya kwanza na manane ya chupa ya pili, kichupa kikishikwa wima kabisa ili matone yalingane. Kioo hufunikwa kwa kifuniko chake, si kwa kidole, maana jasho la mkono lina amonia yake, hutikiswa, na kuachwa dakika tano. Rangi hutoka njano na kwenda kijani kadiri amonia inavyoongezeka. Chini ya taa ya njano ya sebuleni, njano na kijani hafifu vinafanana kabisa. Mlangoni mchana havifanani. Kama maji yako yenyewe ni ya kijani, jaza kioo cha pili kwa maji yasiyotiwa dawa na ukiweke juu ya rangi ya kadi unapolinganisha, ili kijani cha bwawa kiwe pande zote mbili.

Si seti zote zinatumia dawa ya aina moja. Zinazogeuka kijani hutumia salisileti. Zinazogeuka kutoka njano hafifu kwenda kahawia hutumia dawa ya Nessler, ambayo ina zebaki na pia huweza kutoa jibu la uongo maji yakiwa yametiwa dawa za kuondoa klorini. Ningemshauri anayeanza achukue ya salisileti akiwa na hiari. Kwa vyovyote, maji yaliyopimwa hayarudishwi bwawani.

Gharama kwa kipimo ndiyo ndogo kuliko zote ukilinganisha na kazi inayofanyika, mradi utumie seti kabla tarehe yake haijapita. Tarehe hiyo itafute kabla ya kulipa, kwa sababu mzigo uliokaa rafuni miaka miwili huuzwa kwa bei ileile. Vichupa vikae kabatini penye baridi, mbali na watoto. Baadhi vina magadi makali yanayounguza ngozi. Kinachokosekana katika seti ndogo ni oksijeni na ualkali, na anayeweka kambale au sato wengi kwenye tanki atalazimika kuongeza angalau kichupa cha ualkali, maana bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hula ualkali huo wanapofanya kazi.

Matone yanamfaa mwenye tanki au bwawa la turubai anayelisha chakula cha kununua kila siku, mwenye subira ya nusu saa kwa wiki. Yana shida kwa mtu ambaye macho yake hayatofautishi kijani na njano, na hao, hasa wanaume, ni wengi kuliko watu wanavyodhani.

## Mita za kidijitali

Jina hili linafunika vitu visivyolingana kabisa, na kuvilinganisha kama kitu kimoja ni kumpoteza msomaji.

Kipimajoto ndicho cha kwanza na cha bei ndogo, na hakuna sababu ya mtu yeyote kukikosa. Arusha, mwezi Juni na Julai, maji ya tanki dogo lililo nje hushuka chini ya nyuzi 20 usiku, na sato katika joto hilo hupunguza kula kwa kiasi kikubwa. Hukua vizuri zaidi karibu na nyuzi 29 hadi 31. Anayeendelea kumwaga chakula kilekile cha Februari anazalisha amonia bila kuzalisha samaki.

Kalamu ya TDS ndiyo inayouzwa sana, pengine kwa sababu ni rahisi na hutoa namba papo hapo. Hupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Haisemi lolote kuhusu amonia, oksijeni wala pH. Maji ya Meru yanaweza kutoa namba kubwa yakiwa salama kwa sato, na maji ya Kilimanjaro yakatoa namba ndogo huku yakiwa yamejaa amonia. Kwa anayeanza, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Kalamu ya pH, tofauti na hiyo, ina thamani halisi hapa, kwa kuwa haina mwisho wa 7.6 wala 8.8. Inasoma hadi sehemu ya kumi au ya mia ya pH, lakini tu ikiwa imesawazishwa. Kalamu za bei nafuu huja na paketi za unga za kutengeneza maji ya kusawazishia, mara nyingi za 4.00, 6.86 na 9.18. Maelekezo mengi humtaka mtu aanze na 6.86 kisha 4.00. Kwa maji ya Arusha sawazisha kwa 6.86 na 9.18, kwa sababu maji yako yamo katikati ya hizo mbili. Ncha yake ya kioo isikauke. Huhifadhiwa ikiwa imeloa katika maji yake maalumu ya kloridi ya potasiamu, wala si katika maji yaliyokenekwa, ambayo huiharibu. Hata ikitunzwa vizuri ncha huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, na gharama yake ihesabiwe hivyo.

Mita ya oksijeni ni ghali kuliko vyote vilivyotajwa hadi hapa, na ina jambo lake la nyanda za juu. Maji yenye nyuzi 25 katika usawa wa bahari, yakishiba hewa, hubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hubeba karibu 7 tu. Moshi, iliyo kati ya mita 800 na 900, iko katikati. Mita isiyoambiwa mwinuko huo husawazishwa kana kwamba iko pwani, Tanga, na hapo itaonyesha karibu 3 mahali ambapo ukweli ni 2.5. Sato hustahimili alfajiri yenye oksijeni kidogo sana, ila inashauriwa isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, na kuipandisha zaidi ya 2.5 hakuongezi ukuaji. Kambale wakubwa hupanda juu na kuvuta hewa, kwa hiyo upungufu huo hauwaui upesi. Vifaranga vyao vichanga havijapata uwezo huo. Kwa maneno mengine, mita hii inamfaa mzalishaji wa vifaranga na mwenye samaki wengi katika nafasi ndogo. Mwingine anaweza kwenda bwawani alfajiri na kuangalia kama samaki wako juu wakihema.

Ipo pia kolorimita ya mkononi, kama zile ndogo za Hanna, ambayo husoma rangi ya dawa kwa mwanga na kutoa namba. Inaondoa ubishi wa macho na mwanga wa sebule. Kila moja hupima kitu kimoja, na dawa zake huagizwa upya kila zikiisha, kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama dawa, si mashine, inapatikana nchini.

## Maabara

Maabara hupima kwa usahihi usiofikiwa na kifaa chochote cha nyumbani, na hupima vitu ambavyo seti za wafugaji hazina: floridi, chuma, sodiamu. Maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji, na vyuo vyenye maabara kama Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, ndipo pa kuanzia kuuliza utaratibu na ada.

Udhaifu wake ni muda. Amonia na pH hazikai zikusubiri. Chupa iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari kutoka Machame inafika ikiwa na maji mengine. Sampuli ijazwe hadi juu bila hewa, iwekwe kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo. Hata hivyo jibu litahusu saa moja ya siku moja, na bwawa lenye shida usiku wa Jumamosi halitasubiri Jumatatu. Gharama kwa kipimo ni kubwa, lakini hulipwa mara chache.

Kwa wale wanaodhani seti ya samaki itawaambia kama maji yanafaa kunywa: haitawaambia. Tatizo la floridi katika maji ya Meru ni kubwa kiasi kwamba Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Hilo ni swali la maabara pekee.

## Kwa hali yako

Mwenye bwawa la udongo, sato wachache kwa kila mita ya mraba na mfereji wa maji unaotiririka anatosheka na kipimajoto, kopo la karatasi zenye pH na ualkali, na mkono wake mwenyewe: kiganja kikitoweka katika kijani kabla kiwiko hakijagusa maji, mwani umezidi, na mbolea isitishwe. Matone ya amonia atayahitaji siku atakapoongeza samaki au chakula.

Mwenye tanki au bwawa la turubai, maji ya bomba na chakula cha kuelea aanze na matone ya amonia, nitriti na pH ya mpaka wa juu, pamoja na karatasi za klorini. Wiki za kwanza apime mara nyingi, kwa kuwa nitriti hupanda baada ya amonia kuanza kushuka, na wengi hupunguza uangalifu hapo hapo. Nitriti ikipanda, apunguze chakula, abadilishe sehemu ya maji, na aongeze chumvi kidogo, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi huzuia nitriti kuingia kwenye damu ya samaki. Akiwa upande wa Meru, au maji yake ni ya kijani, kalamu ya pH yenye paketi ya 9.18 ina faida kuliko vichupa vya pH.

Mzalishaji wa vifaranga anahitaji mita ya oksijeni inayokubali kuwekewa mwinuko, na matone kama hapo juu. Kikundi cha wafugaji wa kata moja kinaweza kuchangia mita hiyo na kolorimita ya amonia, mradi mtu mmoja tu ndiye mwenye jukumu la kusawazisha na kulowesha ncha. Kifaa cha watu kumi kisicho na mwenyewe hukauka mwezi wa kwanza.

Na ambaye bado hajachimba, ana eneo na chanzo cha maji tu, aipeleke sampuli ya chanzo hicho maabara kabla ya kununua chochote. Akijua pH na ualkali wa maji yake, atajua pia ni vichupa vipi vitakuwa na kazi na vipi avipite dukani bila kuvigusa.